Ngome ya Kronborg: anzieni kwenye maji, vyumba baadaye

Swali: Naishi Malmö, Sweden. Mwezi wa saba mamangu anakuja kutoka Mombasa kunitembelea, na nina wanangu wawili, wa miaka tisa na kumi na mitatu. Nimetenga siku moja tuvuke Denmark tukaione Kronborg, ile ngome ya Hamlet wa Shakespeare niliyemsoma shuleni. Lakini mwenzangu wa kazini ananivunja moyo, anasema ni vyumba vitupu na ni kupoteza pesa. Mama naye magoti yanamsumbua. Je, twende, au nitafute kwingine? Na tukienda, tuangalie nini hasa?

Jibu: Nendeni, dada yangu. Ila msiende kwa ajili ya Hamlet, wala msiende kutafuta fenicha za kifalme. Mwenzako hakukudanganya: vyumba vya Kronborg ni vikubwa, kuta nyeupe, na vitu vilivyomo ni vichache kuliko mtu anavyotarajia. Mgeni anayetoka stesheni akakata tiketi na kupita chumba hadi chumba hutoka baada ya saa moja akijiuliza pesa yake imekwenda wapi. Nimeongoza wageni katika ngome za huku kwa muda mrefu, na kila ninapomwona mtu anaondoka hivyo naumia, maana kitu kilichofanya ngome ile ijengwe amekipita nje bila kukitazama. Kitu hicho ni maji.

Kati ya Helsingør, upande wa Denmark, na Helsingborg, upande wenu wa Sweden, bahari imebanwa ikabaki na upana wa kilomita 4 hivi. Mlango huo ndio Øresund. Karne na karne, meli zilizotoka Bahari ya Baltiki na nafaka ya Poland, mbao, lami, katani na chuma zilipita hapo kwenda Ulaya ya magharibi. Na zile za Waholanzi, Waingereza na Wafaransa zilizobeba chumvi, mvinyo na vitambaa zilipita hapo hapo kuingia Baltiki. Njia nyingine zipo katikati ya visiwa vya Denmark, lakini nazo zilikuwa mkononi mwa mfalme yule yule. Katika miaka ya 1420 Mfalme Erik wa Pomerania alijenga ngome kwenye ncha ya mchanga iliyochomoza baharini, ikaitwa Krogen, akaamuru meli za kigeni zitie nanga mbele yake na kulipa ushuru. Wakati huo pwani zote mbili zilikuwa za Denmark. Nahodha aliyetaka kukwepa alikuwa na mizinga kulia na mizinga kushoto.

Mwanzoni kila meli ilitoa sarafu ya dhahabu, iwe kubwa au ndogo, imejaa au tupu. Mwaka 1567 Mfalme Frederik II akabadilisha utaratibu, ushuru ukawa sehemu ya thamani ya shehena. Hapa ndipo nawaomba mkae kidogo na mwanao wa miaka kumi na mitatu, kwa sababu ni hesabu tamu. Aliyetaja thamani ya shehena ni nahodha mwenyewe. Lakini mfalme alijiwekea haki ya kuinunua shehena ile kwa bei ile ile iliyotajwa. Nahodha akiishusha bei ili alipe kidogo, mfalme anaweza kumchukulia mali yake yote kwa bei ya hasara. Akiipandisha, analipa ushuru mwingi bila sababu. Kwa hiyo watu walisema ukweli, na hapakuwa na haja ya kufungua kila gunia na kila pipa. Muulize kijana angetaja bei gani kama angekuwa yeye, kisha mwache afikirie.

Fedha zile zilikuwa nyingi kiasi kwamba zipo nyakati ambapo zilifikia kama theluthi mbili za mapato yote ya dola ya Denmark. Na makarani waliandika kila kitu: jina la nahodha, alikotoka, anakokwenda, amebeba nini. Madaftari yao ya tangu 1497 hadi 1857 bado yapo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Copenhagen, yakiwa na kumbukumbu za safari zipatazo milioni 1.8, na yameingizwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Wanahistoria wa biashara wanayategemea mpaka leo.

Sasa tazama jengo lenyewe. Frederik II aliligeuza na kulijenga upya kati ya 1574 na 1585, akaleta wasanifu kutoka Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, Hans Hendrik van Paesschen kisha Anthonis van Obbergen, akalipa jina jipya la Kronborg mwaka 1577. Kuta za matofali zikavikwa mawe ya mchanga, paa likaezekwa kwa shaba, minara ikapandishwa juu. Alitaka nahodha aliyeko staha ya meli, ambaye hataingia ndani hata siku moja, aone kwamba mwenye mlango huu ni tajiri na ana nguvu. Ngome ile ilielekezwa kwa watu wa baharini kwanza, wageni wa chakula cha jioni baadaye.

Kwa sababu hiyo, njia yenu ya kwenda ina maana kubwa, na ninyi wa Malmö mna bahati. Watalii wengi hutoka Copenhagen kwa treni ya pwani, dakika 45 hivi, wakaijia ngome kutoka nchi kavu, yaani kwa mgongo. Ninyi msipite asubuhi kwenye daraja la kutoka Malmö kwenda Copenhagen. Pandeni treni hadi Helsingborg. Stesheni na gati la feri viko katika jengo moja, kwa hiyo mama hatahangaika. Kama mna nusu saa ya ziada, tokeni nje mtazame juu ya mji: mnara mmoja mnene wa matofali umesimama kilimani. Huo ni Kärnan, mabaki ya ngome ya Denmark ya upande wa pili. Huo ulikuwa taya la mashariki. Mwaka 1658 Denmark ilipoteza jimbo lote la Skåne kwa Sweden, pamoja na Helsingborg na Malmö mnayoishi, na tangu hapo mfalme wa Denmark akabaki na taya moja tu.

Kisha pandeni feri, mkae juu nje, upande wa mbele. Safari ni kama dakika 20. Mtaiona Kronborg ikitoka majini kidogo kidogo: kwanza minara, kisha paa la kijani la shaba iliyopauka kwa hewa ya chumvi, kisha mstari wa mizinga. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa ionekane. Waambie watoto wahesabu meli zinazopita. Mlango bado una shughuli nyingi, ingawa hakuna anayelipa tena. Ushuru ulifutwa kwa mkataba wa Copenhagen wa mwaka 1857, baada ya Marekani kukataa kuendelea kuutoa, na mataifa yenye meli yakamlipa mfalme fidia kwa mkupuo.

Mkishuka Helsingør, ngome mnaiona pale pale, ng'ambo ya bandari. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu ya kawaida. Kwa mama wekeni nusu saa. Njiani mtapita mbele ya iliyokuwa karakana kubwa ya meli, iliyofungwa mwaka 1983 na kugeuzwa kituo cha utamaduni chenye maktaba, vyoo visafi na viti. Mwacheni apumzike hapo kabla ya kuendelea. Ukingoni mwa maji kuna sanamu ya kijana wa chuma cha pua kinachong'aa, ameketi juu ya jiwe kama Nguva Mdogo, ile sanamu maarufu ya Copenhagen. Watoto hupenda kujitazama katika mwili wake.

Msiingie ndani bado. Zungukeni kwanza nje, juu ya maboma ya udongo na kando ya bahari, hadi mahali mizinga ilipopangwa ikielekea Sweden. Huko hakuhitaji tiketi. Simameni hapo muda mrefu kuliko mtakavyodhani unatosha. Na hapa mamako ndiye atakayekuwa mwalimu, kwa kuwa anaijua Fort Jesus. Kronborg ilikamilika 1585. Miaka minane baadaye, 1593, Wareno wakaanza kujenga ya Mombasa kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Zote mbili zina zile pembe zilizochomoza nje ya ukuta, ili mzinga wa pembe moja ulinde ubavu wa pembe ya pili. Mtindo huo ulitoka Italia ukaenea dunia nzima baada ya mizinga kuzifanya kuta ndefu nyembamba zisifae. Zote mbili zilikaa mdomoni mwa njia ya bahari, na chini ya kivuli chake kulikuwa na forodha ya kuwatoza wafanyabiashara. Zote mbili zilitekwa: Fort Jesus na Waomani mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, Kronborg na Waswidi mwaka 1658. Na zote mbili ziliishia kuwa magereza. Mamako huenda alisimuliwa na wazee wake kuhusu Fort Jesus ilipokuwa jela, hadi 1958. Kronborg nako, tangu 1739, wafungwa waliofungwa minyororo walitumikishwa kujenga na kukarabati maboma haya haya mtakayokuwa mmesimama juu yake. Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus anaelewa haraka kuliko watalii wengi kwa nini ukuta umepinda pale na kwa nini mlango umewekwa huku.

Jambo moja zaidi mkiwa hapo kwenye upepo. Meli za matanga hazikuweza kuondoka mpaka upepo ukubali, kwa hiyo mara nyingine zilijazana mbele ya Helsingør siku nyingi zikisubiri. Mji ulitajirika kwa kuziuzia maji, mkate, nyama, kamba na bia. Mwaka 1761 ilikwama hapo meli ya kivita Grønland, iliyobeba wasomi waliotumwa na Mfalme Frederik V kwenda Uarabuni. Dhoruba za baridi ziliirudisha Helsingør mara kadhaa kabla haijafanikiwa kutoka. Katika wasomi wale alirudi nyumbani mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye alipita Maskati mwaka 1765 na kuacha maelezo ambayo wanahistoria wa Oman wanayasoma hadi leo. Kama mna ndugu Maskati, mna cha kuwasimulia.

Sasa kateni tiketi. Mkiingia uani, mtaona kisima cha mapambo katikati. Kilichokuwapo zamani kilikuwa na sanamu za shaba zilizotengenezwa Nürnberg, na mungu wa bahari Neptune juu yake. Waswidi walipoiteka ngome waliziondoa wakazichukua kama ngawira. Huu ndio mwanzo wa jibu la mwenzako wa kazini. Vyumba ni vitupu kwa sababu ngome ile iliumizwa mara tatu. Mwezi Septemba 1629, usiku, moto uliosababishwa na uzembe wa mafundi uliteketeza karibu kila kitu. Christian IV akaijenga upya kwa taabu, kwa kuupandisha ushuru wa mlango, akamaliza 1639. Hazikupita miaka ishirini Waswidi wakaja wakabeba walichoweza kubeba. Na kuanzia 1785 ikawa kambi ya jeshi mpaka 1922, ikakaliwa na askari na vitanda vyao. Waliokuja baadaye kuihifadhi wangeweza kuijaza vitu vya kubahatisha; walichagua kuweka vichache. Mimi nawaunga mkono. Chumba kitupu kinachosema ukweli nakipenda kuliko chumba kilichojaa viti ambavyo mfalme hakuvikalia.

Kwa kuwa mnaishi Sweden, kuna kipande cha kumalizia siku nyingine: paa la kitambaa lililofumwa kwa hariri na nyuzi za dhahabu, lililotungikwa juu ya meza ya Frederik II, liko Stockholm, katika Nationalmuseum. Ni katika ngawira zile zile.

Ndani msipoteze nguvu kwa kila chumba. Mkichoka, viacheni vyumba vya kulala. Ukumbi wa dansi msiuache. Una urefu wa mita 62, na ulipokamilika mwaka 1582 ulikuwa miongoni mwa kumbi kubwa kabisa za Ulaya ya kaskazini. Mwambie mdogo akimbie kutoka mwisho hadi mwisho, kama watu si wengi. Ndiyo njia bora ya kuupima. Malkia Sophie alitengenezewa njia ya ndani ndefu upande wa mashariki ili afike ukumbini bila kupita uani kwenye mvua na upepo. Mkishaonja upepo wa kule nje mtaona kwamba hakudekezwa.

Kisha tafuteni mazulia ya ukutani. Haya ndiyo ningewalilia mkiyapita. Frederik II alimwagiza Hans Knieper, fundi aliyetoka Flandria, Ubelgiji ya leo, afume mazulia arobaini yenye picha za wafalme mia wa Denmark, wa kweli na wa hadithi, mpaka kufikia yeye mwenyewe na mwanawe. Kazi hiyo ilifanywa papo hapo Helsingør kati ya miaka ya 1581 na 1586. Saba yamebaki Kronborg. Mengine yaliyosalimika yako katika makumbusho ya taifa Copenhagen. Vyumba vina mwanga hafifu kwa sababu jua huzila rangi za nyuzi, basi yapeni macho dakika mbili yazoee. Kisha angalieni miguuni mwa wafalme, siyo nyuso tu: kuna wanyama, mimea, meli na ngome ndogo ndogo nyuma yao. Mamako, kama wanawake wengi wa pwani wanaojua kufuma na kudarizi, ataona ufundi ambao mimi nimejifunza kuuona kwa kuelekezwa na wageni kama yeye.

Kanisa liko chini ya ukumbi wa dansi. Ndilo sehemu pekee iliyookoka kwenye moto wa 1629, kwa sababu dari yake ya matao ya mawe ilihimili. Viti vyake vya mbao ya mwaloni vimechongwa na kupakwa rangi, na ukivitazama ndipo unapata wazo la jinsi ngome nzima ilivyopambwa kabla ya kuungua. Wakati wa kambi ya jeshi liliwahi kutumika kuhifadhi baruti na kufundishia upigaji panga. Mapambo yake yakarejeshwa na ibada zikaanza tena 1843. Lipo usawa wa ua, kwa hiyo ni mahali pazuri pa mama kuketi.

Kuna mwanamke mmoja ambaye hadithi yake inanigusa kila nikipita katika vyumba vile, nami sioni akitajwa inavyostahili na watalii wenye haraka. Ni Caroline Mathilde, dada wa Mfalme George III wa Uingereza, aliyeozwa kwa Mfalme Christian VII wa Denmark akiwa na miaka kumi na mitano. Mumewe alikuwa na maradhi ya akili. Akapendana na daktari wa mfalme, Johann Friedrich Struensee, aliyekuwa ameshika hatamu za serikali. Januari 1772 wote wawili walikamatwa, na malkia akaletwa Kronborg chini ya ulinzi akiwa na miaka ishirini, akiwa na binti yake mchanga aliyekuwa hajatimiza mwaka. Struensee alikatwa kichwa Aprili 28. Mwishoni mwa Mei meli za Kiingereza zilikuja kumchukua malkia, lakini mtoto hakuruhusiwa kwenda naye. Alipelekwa Celle, Ujerumani, akafa huko 1775 akiwa na miaka ishirini na mitatu, bila kuwaona wanawe tena. Unapotazama dirishani kuelekea majini, kumbuka kwamba bahari ile ilipitisha pia misiba ya namna hii.

Watoto watataka kwenda chini. Chini ya maboma kuna vyumba na njia za giza, baridi na unyevunyevu, zilizojengwa ili askari mamia kadhaa wajifiche na kusubiri wakati wa kuzingirwa. Huko ameketi Holger Danske, shujaa wa hadithi, ndevu zimeshuka, mikono ameikunja, upanga magotini. Wadenmark husema amelala, na ataamka siku nchi itakapokuwa hatarini. Sanamu ilibuniwa na Hans Pedersen-Dan mwaka 1907. Iliyopo chini sasa ni ya zege, kwa kuwa ile ya plasta haikuuweza unyevu. Jina lake lilichukuliwa na kundi mojawapo la wapiganaji wa siri waliowapinga Wajerumani katika Vita ya Pili ya Dunia. Sakafu huko haiko sawa na taa ni chache, kwa hiyo mama abaki juu, na watoto wavae viatu vyenye kukamata. Mwanao wa miaka tisa atakikumbuka kituo hiki kuliko vyote.

Na Hamlet? Nisikunyime. Hadithi ya Amleth iliandikwa na Saxo Grammaticus, Mdenmark, mnamo mwaka 1200, na inahusu Jutland ya zama za kabla ya Ukristo. Kronborg haikuwa hata wazo. Shakespeare ndiye aliyeihamishia Elsinore, kama Waingereza walivyoiita Helsingør, alipoandika tamthilia yake karibu na mwaka 1600. Hakuna kumbukumbu yoyote kwamba alifika. Lakini mwaka 1586 waigizaji wa Kiingereza walifanya kazi katika ngome hii kwa Frederik II, miongoni mwao Will Kempe, George Bryan na Thomas Pope, na wote watatu baadaye walikuwa katika kundi lake la London. Na mwaka 1589 binti wa Frederik, Anne, aliozwa Kronborg kwa uwakilishi kwa James VI wa Scotland, yule yule aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza na mlezi wa kundi la Shakespeare. Kwa hiyo habari za ngome hii zilifika London kwa midomo ya watu walioiona. Katika tamthilia, kila mfalme anapoinua kikombe mizinga inapigwa. Ndivyo ilivyokuwa kweli katika karamu za Denmark. Tangu 1816, askari wa kambi walipoigiza Hamlet kuadhimisha miaka 200 ya kifo cha mwandishi, mchezo umekuwa ukirudi hapo. Majira ya kiangazi waigizaji huzunguka vyumbani wakicheza vipande kwa Kiingereza, mchana, ndani ya tiketi ile ile. Mkikutana nao, simameni. Wewe uliyemsoma shuleni utafurahi, na kijana ataelewa zaidi ya anavyoelewa kwenye karatasi.

Kama nguvu zimebaki, nje kidogo kuna makumbusho ya bahari ya Denmark, M/S Museet, yaliyofunguliwa 2013. Yamejengwa chini ya usawa wa ardhi kuizunguka chelezo ya zamani, ili yasiizibe ngome, na ubunifu ni wa ofisi ya Bjarke Ingels. Nawashauri kwa ajili ya kijana. Kronborg yenyewe husimulia zaidi wafalme na mizinga, lakini meli za Copenhagen zilizokwenda pwani ya Ghana ya leo, kwenye ngome ya Christiansborg iliyoko Accra, zikabeba watu na kuwauza visiwa vya Denmark katika Karibi, nazo zilipita mbele ya madirisha haya. Denmark iliamuru mwaka 1792 kwamba biashara hiyo ikome ifikapo 1803. Utumwa wenyewe visiwani uliendelea mpaka 1848. Mtoto wa Kiafrika anayekulia Skandinavia ana haki ya kuujua upande huu siku ile ile anapoonyeshwa ukumbi wa dansi, na afadhali ausikie kwako.

Kuhusu magoti ya mama: vyumba vya kifalme na ukumbi viko ghorofani, na ngazi za minara ni za mawe, za kuzunguka, zilizolika katikati. Ua umetandikwa mawe yasiyolingana. Waulizeni wahudumu mlangoni, kabla ya kulipa, ni njia ipi yenye ngazi chache. Huwa wasaidizi sana. Akipenda kupanda, apande mara moja tu, aone ukumbi na mazulia, ashuke. Mnara wa mizinga waachieni watoto. Asipopanda kabisa, kanisa, ua, maboma na feri bado ni safari kamili kwake.

Mfunikeni vizuri. Julai huku ni joto la nyuzi ishirini hivi, na kwenye ncha ile upepo haulali; leso mbili na koti lisilopitisha upepo. Bebeni chakula chenu, majani ya kukalia juu ya maboma ni mengi. Fikeni mapema, kabla ya mabasi ya watalii ya saa sita mchana. Julai hufunguliwa kila siku. Ingekuwa majira ya baridi ningekuonya kwamba hufungwa mapema na Jumatatu hakuna kuingia. Bei ya tiketi hubadilika kwa msimu, itazame kwenye tovuti ya ngome, na uwaulize Skånetrafiken, shirika la usafiri la huko Skåne, kuhusu tiketi ya Öresund Runt, ya kuuzunguka mlango wote kwa treni na feri. Jioni rudini kwa treni kupitia Copenhagen na darajani, mbadilishe treni hapo.

Na pasipoti. Viza ya Schengen ya mamako inafaa nchi zote mbili, hata ikiwa ya kuingia mara moja, kwa maana kuvuka Denmark hakuhesabiwi kama kutoka. Lakini treni ya kurudi hukaguliwa mara nyingi inapoingia Sweden. Awe na pasipoti yenyewe mkononi, siyo nakala kwenye simu, na wewe na watoto muwe na vitambulisho vyenu.